RAIS ASIYETAWALA

Somo la redio kwa watu wazima: Elimu ya Uraia. Limechapwa kwa ajili ya vikundi vya kusoma vya Kasulu na Kibondo.

Wenye daftari na kalamu, vitoeni. Wasio navyo wasihuzunike. Somo lote litachapwa na kupelekwa kwa kiongozi wa kila kikundi, naye atawasomea tena polepole.

Juma lililopita tulizungumza juu ya Bunge. Baada ya somo hilo kikundi kimoja cha Kasulu kilituletea swali, nami nalisoma kama lilivyoandikwa: "Redioni twasikia habari za nchi yenye Rais na Waziri Mkuu. Anayeamua mambo kila siku ni Waziri Mkuu. Rais tunamsikia siku za sherehe tu. Je, Rais huyo analipwa kwa kazi gani?"

Ni swali zuri sana, na ndilo somo letu la leo. Katika kulijibu tutafika Addis Ababa, Kampala, Mogadishu na Bujumbura, kisha tutarudi nyumbani.

Tuanze na maneno mawili. Neno la kwanza ni Mkuu wa Nchi. La pili ni Mkuu wa Serikali. Wengi wetu hudhani ni kitu kimoja, kwa sababu hapa Tanzania mtu mmoja huvaa kofia zote mbili. Lakini ni kazi mbili.

Chukueni mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Chama kina mwenyekiti na kina meneja. Meneja ndiye anunuaye magunia, apangaye gari na alipaye watu. Kahawa ikipotea, ataulizwa meneja. Mwenyekiti hapimi kahawa. Yeye hufungua mkutano, huweka sahihi yake kwenye kumbukumbu na husimama mbele ya wageni kwa jina la chama. Na siku wanachama watakapogombana na meneja hata asiwepo wa kuwapatanisha, macho yote yatamgeukia mwenyekiti. Siku hiyo ndipo mtajua kama mlimchagua mtu wa maana au mlijaza kiti tu.

Mfano huu haufanani na jambo lenyewe kwa kila kitu, lakini unatosha kutuonyesha njia. Mwenyekiti ni kama Mkuu wa Nchi. Meneja ni kama Mkuu wa Serikali.

Jamhuri ya kibunge ni nchi gani? Ni jamhuri ambayo Serikali yake inatoka Bungeni na inaishi kwa imani ya Bunge. Wananchi huchagua wabunge. Kiongozi anayeungwa mkono na wabunge wengi huwa Waziri Mkuu. Bunge likimwondolea imani, huanguka. Juu yake huwekwa Rais, ambaye mara nyingi huchaguliwa na Bunge lenyewe. Bara Hindi liko hivyo, Ujerumani iko hivyo, na Italia pia.

Sasa, Rais wa namna hiyo ana kazi gani? Andikeni tano.

Kwanza, yeye ni alama ya nchi nzima. Waziri Mkuu ni mtu wa chama chake. Waliompigia kura wanampenda, na walioshindwa wanamnung'unikia. Rais yampasa awe wa wote.

Pili, yeye ndiye humteua Waziri Mkuu. Hapa tahadharini. Hamteui ampendaye moyoni. Hutazama ni nani anayeweza kupata kura za wabunge wengi, akamwita huyo. Chama kimoja kikiwa na viti vingi wazi wazi, Rais hana la kufikiri. Lakini vyama vikigawana viti hata asiwepo mwenye wingi, hapo Rais ana kazi kubwa.

Tatu, hutia sahihi sheria zilizopitishwa na Bunge. Pasipo sahihi, mswada haujawa sheria. Hata hivyo katika nchi nyingi za namna hii hawezi kukataa daima.

Nne, hulivunja Bunge ili wananchi wapige kura upya, aghalabu kwa kuombwa na Waziri Mkuu.

Tano, hupokea mabalozi, hutoa nishani na husamehe wafungwa, akifuata ushauri anaopewa kwa mujibu wa sheria.

Kuna la sita lisiloandikwa sana katika katiba, nalo ni kushauri na kuonya. Rais aweza kumwita Waziri Mkuu faraghani na kumwambia, "Ndugu yangu, jambo hili litatuletea balaa." Waziri Mkuu halazimiki kumtii. Lakini mwenye busara husikiliza, hasa akijua kwamba yule mzee hagombei kiti chake.

Mkitaka mfano wa siku hizi, tazameni Ethiopia. Katiba yake ya mwaka 1995 inasema Rais huchaguliwa na mabaraza mawili ya Bunge yakikaa pamoja, kwa theluthi mbili ya kura. Hukaa miaka 6, na hawezi kuchaguliwa zaidi ya mara 2. Mwaka 2018 mabaraza hayo yalimchagua Bibi Sahle-Work Zewde, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Oktoba 2024 alifuatwa na Bwana Taye Atske Selassie. Nguvu za kuongoza Serikali na majeshi ziko kwa Waziri Mkuu. Na tazameni walivyoandika juu ya sahihi: sheria ikishapelekwa kwa Rais, naye asiitie sahihi kwa siku 15, itaanza kutumika bila sahihi yake. Katiba imempa Rais kalamu, lakini haikumpa kufuli.

Haya, mtasema, hiyo ni mbali. Je, sisi tulipata kuwa na Mkuu wa Nchi asiyetawala? Naam, tulipata, kwa mwaka mmoja kamili.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 haikuwa jamhuri. Mkuu wa Nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, na hapa Dar es Salaam aliwakilishwa na Gavana-Jenerali, Sir Richard Turnbull. Mkuu wa Serikali alikuwa Waziri Mkuu, Mwalimu Julius Nyerere, na kuanzia Januari 1962 Bwana Rashidi Kawawa. Sheria zilitiwa sahihi na Gavana-Jenerali, lakini maamuzi yalitoka kwa Waziri Mkuu na mawaziri wake.

Mwaka 1962 Serikali ilitoa mapendekezo ya kuifanya nchi kuwa jamhuri. Njia mbili zilikuwa wazi. Ya kwanza: kumwondoa Malkia, kumweka Rais wa heshima mahali pake, na Waziri Mkuu aendelee kutawala. Ya pili: kuziunganisha kazi zote mbili katika mtu mmoja. Ilichaguliwa njia ya pili. Hoja ilikuwa kwamba katika desturi za watu wetu heshima ya mtawala haitenganishwi na uwezo wake. Mkimpa mtu kiti kikubwa na mkamnyima nguvu, watu hawatamwelewa. Wahenga nao walikwisha sema: mafahali wawili hawakai zizi moja.

Ninyi wa Uha mtaipima hoja hiyo kuliko wengine. Wazee wenu waliwajua wami wa Heru, wa Muhambwe na wa Buyungu, pamoja na watwale waliokuwa chini yao. Mwami hakuwa picha ukutani. Alikuwa na baraza, na watu walipeleka mashauri yao huko. Kasulu walimjua Mwami Theresa Ntare wa Heru, ambaye pia alikuwa miongoni mwa wabunge wanawake wa kwanza wa Tanganyika. Lakini wazee hao hao watawaambia kwamba alikuwapo na mteko, aliyeheshimiwa katika mambo ya ardhi na matambiko ingawa hakuwa mtawala. Kwa hiyo wazo la kwamba mmoja aweza kuwa na heshima na mwingine akawa na amri si geni kabisa katika milima hii. Mambo ya utawala wa kimila yalikoma kisheria mwaka 1963, lakini majina ya Muhambwe na Buyungu yangalipo katika majimbo ya uchaguzi.

Basi Novemba 1962 Watanganyika walipiga kura. Mwalimu Nyerere alipata kura zaidi ya milioni 1.1, na mpinzani wake, Bwana Zuberi Mtemvu, alipata zaidi kidogo ya elfu 21. Tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri yenye Rais anayetawala.

Jirani zetu wa Uganda walichagua njia nyingine, na habari zao zina mafundisho.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Mwaka mmoja baadaye ilimwondoa Gavana-Jenerali na kumweka Rais wa heshima. Rais huyo alikuwa Sir Edward Mutesa, Kabaka wa Buganda. Waziri Mkuu alikuwa Milton Obote. Kwa macho ilionekana ni mapatano mema: Waganda wangeridhika kwa kuwa Kabaka wao amepewa kiti cha juu, na Waziri Mkuu angetawala.

Lakini tazameni kasoro yake. Tumesema Mkuu wa Nchi ni kama mwamuzi wa mpira. Mwamuzi hafungi mabao, na ni lazima asiwe na timu. Huyu alikuwa mwamuzi aliyevaa jezi. Alikuwa Rais wa Uganda nzima na papo hapo Kabaka wa sehemu moja ya Uganda.

Shida ilijitokeza Novemba 1964. Palikuwa na ugomvi wa siku nyingi kati ya Buganda na Bunyoro juu ya ardhi. Watu wa Buyaga na Bugangaizi walipigishwa kura, wakaamua kurudi Bunyoro. Rais wa Uganda alipaswa kukubali matokeo. Kabaka wa Buganda alikuwa anapoteza nchi. Mtu mmoja, mioyo miwili. Hakutaka kutia sahihi yake, na mambo yakaendelea bila yeye. Tangu hapo imani kati yake na Waziri Mkuu ilikwisha.

Februari 1966 Obote aliwakamata mawaziri wake 5, kisha akaisimamisha katiba na kumwondoa Mutesa katika urais. Aprili mwaka huo ikaletwa katiba mpya, na Obote akawa Rais mwenye nguvu zote. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi, wakiongozwa na Idi Amin, waliishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Mutesa alikimbia, akafa London mwaka 1969. Na yule kamanda aliyetumwa Mengo, mnajua alimfanyia nini Obote mwenyewe mnamo Januari 1971.

Sasa twende Burundi. Hapa nasema na watu ambao hawahitaji ramani.

Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962 ilikuwa ufalme, si jamhuri. Hata hivyo muundo wake ulifanana na huu tunaousoma: Mkuu wa Nchi alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne, na Serikali iliongozwa na Waziri Mkuu aliyetegemea Bunge. Tarehe 15 Januari 1965 Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa kwa risasi. Mei mwaka huo uchaguzi ulifanyika, na kati ya viti 33 vya Bunge, 23 vilichukuliwa na Wahutu. Kwa kawaida ya serikali ya kibunge, Mkuu wa Nchi angemwita kiongozi aliyekubaliwa na wabunge walio wengi. Mwami hakufanya hivyo. Alimteua Léopold Biha, mtu wa karibu naye.

Oktoba 1965 baadhi ya wanajeshi na polisi walijaribu kuipindua Serikali. Walishindwa, na viongozi wengi wa Kihutu waliuawa. Mwami alikwenda Ulaya na hakurudi kutawala. Julai 1966 mwanawe alichukua nafasi yake na kuitwa Ntare wa Tano. Tarehe 28 Novemba 1966 Kapteni Michel Micombero alimwondoa Ntare naye, akatangaza jamhuri, akawa Rais.

Sisemi kwamba misiba yote ya Burundi ilitokana na uteuzi wa mtu mmoja. Sababu zilikuwa nyingi, na nyingine za tangu zamani za wakoloni. Lakini kumbukeni jambo hili: watu walipiga kura, kisha wakaona kura haikuzaa kitu. Mtu anayeona sanduku la kura halimsaidii hutafuta njia nyingine, na mwenye nguvu naye hujibu kwa nguvu. Waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na wale wa mwaka 1993, na wale wa mwaka 2015, walipita katika vijia vyenu wakiwa na mikeka na watoto migongoni. Nyarugusu huko Kasulu na Nduta huko Kibondo ni majina yanayojulikana duniani kwa sababu hiyo. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Na mara nyingi nyasi hazikujua hata tembo waligombania nini. Ndiyo sababu twajifunza habari za viti vya wakubwa sisi tusiokalia viti hivyo.

Je, mpango wa Rais na Waziri Mkuu hushindwa kila mara katika Afrika? Hapana. Sikilizeni habari za Somalia.

Somalia ilipata uhuru mwaka 1960, ikamweka Aden Abdulle Osman kuwa Rais, akichaguliwa na Bunge. Waziri Mkuu wa kwanza baada ya uhuru alikuwa Abdirashid Ali Shermarke. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1964 Rais hakumrudisha Shermarke. Alimteua Abdirizak Haji Hussein. Bunge kwanza lilikataa baraza lake la mawaziri, baadaye likalikubali. Palikuwa na manung'uniko mengi. Lakini tazameni yaliyofuata. Mwaka 1967 muda wa Rais ulikwisha, Bunge likapiga kura, na aliyeshinda alikuwa Shermarke, yule yule aliyeachwa. Rais Osman alikubali, akakabidhi kiti kwa amani. Hakuita askari. Ni kweli kwamba Oktoba 1969 Rais Shermarke aliuawa na jeshi likatwaa nchi. Hata hivyo lile tendo la 1967 halifutiki: kiongozi ameshindwa kwa kura, akaenda zake nyumbani.

Basi twaweza kutoa fundisho. Mpango wa viongozi wawili husimama pale ambapo mipaka imeandikwa wazi na kila mmoja anakubali kushindwa. Hauwezi kusimama pale ambapo Mkuu wa Nchi ana timu yake, au Waziri Mkuu ana haraka ya kutwaa vyote.

Na mpango wetu wa kiongozi mmoja je? Tuuangalie nao kwa haki.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 33, inasema Rais ni Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Kofia tatu, kichwa kimoja. Waziri Mkuu tunaye. Cheo hicho kiliondolewa mwaka 1962 na kurudishwa mwaka 1972. Lakini Waziri Mkuu wetu huteuliwa na Rais kutoka kwa wabunge wa majimbo, na Bunge humthibitisha kwa kura. Hufanya kazi chini ya Rais. Na ibara ya 37 inasema Rais, isipokuwa pale anapotakiwa na sheria, hatalazimika kufuata ushauri atakaopewa na mtu yeyote. Liwekeni neno hilo karibu na lile la Ethiopia. Kule Rais akikaa kimya siku 15, sheria inapita bila yeye. Hapa Rais aweza kuurudisha mswada Bungeni pamoja na sababu zake. Ili upelekwe kwake tena kabla ya miezi 6 kupita, Bunge lazima liuunge mkono kwa theluthi mbili. Na hata hapo, ndani ya siku 21, aweza ama kuukubali ama kulivunja Bunge.

Faida ya mpango huu ni kwamba mwananchi anajua nani wa kuulizwa. Hakuna kusukumiana lawama. Hasara yake ni kwamba akikosea mwenye kofia zote, hana mzee wa kumwita faraghani na kumwonya ambaye naye ana kiti kinachomlinda. Kwa hiyo mipaka imewekwa mahali pengine: vipindi visizidi 2 vya miaka 5 mitano, Bunge lenye uwezo wa kumshitaki na kumwondoa Rais chini ya ibara ya 46A, na mahakama.

Mtasema, "Mwalimu, tuambie basi, upi ni bora?" Hiyo si kazi ya somo hili. Mwaka 2012 Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilianza kuzunguka nchini kuuliza wananchi wanataka katiba gani, na uwezo wa Rais ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa sana. Bunge Maalum lilipitisha Katiba Inayopendekezwa mwaka 2014, lakini kura ya maoni iliyotarajiwa Aprili 2015 haikufanyika. Siku mtakapoulizwa tena, msijibu kwa kumfikiria kiongozi mnayempenda au mnayemchukia. Viongozi hupita. Fikirini kiti: kimepewa nini, kimenyimwa nini, na akikalia mtu mbaya, nani atamzuia?

Ndugu yetu wa Kasulu, jibu lako ni hili. Rais wa jamhuri ya kibunge hulipwa kwa kazi ya siku chache. Miaka mingi hupita akikata utepe na kupokea wageni, nasi twaona kana kwamba ni hasara. Halafu siku moja Bunge halielewani, au Waziri Mkuu amekataa kuondoka, na nchi nzima inamtazama yeye. Akiwa mtu wa wote, nchi hulala salama. Akiwa mtu wa upande mmoja, majirani huanza kutandika mikeka ya wageni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Elezeni kwa maneno yenu tofauti kati ya Mkuu wa Nchi na Mkuu wa Serikali. Toeni mfano kutoka katika kijiji chenu au chama chenu.

2. Kwa nini Tanganyika ilikataa Rais wa heshima mwaka 1962? Je, hoja ile ina nguvu hata leo?

3. Kabaka Mutesa alikuwa na kazi mbili zisizopatana. Je, kuna mtu katika kamati zenu aliye na kazi mbili za namna hiyo? Msitaje jina, semeni kazi tu.

4. Waulizeni wazee wenu: mwami alipokosea, nani aliweza kumwambia, na kwa njia gani?

Kiongozi wa kikundi aandike majibu na kuyaleta kabla ya somo lijalo, ambalo litahusu mahakama. Hadi hapo, ndugu wasikilizaji, kwaherini.